Ugaga, Mashine, na Meno ya Kupandikizwa: Hoja Moja ya Ukaguzi

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama mbele ya wajumbe wa vyama wanachama, Viwanja vya Maonyesho, Nzuguni, Dodoma)



Nilipopewa nafasi ya kuzungumza nanyi leo, bila shaka wengi wenu mlitazamia kwamba nitasema juu ya vitabu vya hesabu, kama ilivyo desturi yangu kila tunapokutana. Leo nitasema juu ya meno. Naomba msicheke kabla sijafika nusu ya safari, kwa sababu hesabu na meno vilikutana ndani ya kabati moja la chama, na kabati hilo lilifunguliwa mbele ya macho yangu.

Katika ukaguzi wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha mkoani humu, ambacho sitakitaja jina, niliikuta hati ya malipo iliyoandikwa maneno matatu tu: "Vifaa vya afya." Kiasi hakikuwa kikubwa cha kutisha, lakini hapakuwa na muhtasari wa kikao ulioidhinisha, wala bei za wauzaji watatu, na mali yenyewe haikuonekana katika rejista ya mali. Stakabadhi ilitoka kwa mchuuzi wa hapa hapa Nzuguni, siku za Nane Nane. Nikaomba kuonyeshwa vifaa hivyo. Meneja akamtazama karani, karani akatazama dirisha. Hatimaye ukatolewa kabatini mkasha mdogo wa karatasi ngumu, na ndani yake mlikuwa na mashine ya umeme ya kukwangulia ugaga wa meno, yenye mpini mfano wa kalamu nene, ncha moja ya chuma, na waya wa kuchajia kama ule wa simu.

Ikadhihirika kwamba kila siku ya mkutano wa marejesho, baada ya fedha kuhesabiwa, karani huyo huwakalisha wanachama kwenye kiti kando ya dirisha na kuwakwangua meno kwa Sh. 2,000 kila mmoja. Fedha hizo hazikuandikiwa stakabadhi. Baina ya mtu na mtu, ncha ilifutwa kwa kitambaa na spiriti. Meneja alinijibu kwa ufasaha mkubwa: alisema kanuni ya saba ya ushirika ni kujali jamii, na chama kimeijali jamii. Ni kweli kwamba kanuni hiyo imo katika tamko lililopitishwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani huko Manchester mwaka 1995. Lakini ya tano katika tamko hilo hilo inataja elimu, mafunzo na habari, nami nilimwambia kwamba ameruka mbili akaiangukia ya saba.

Mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya sekondari na vyeti vya ushirika. Kwa hiyo, kabla ya kuandika hoja yangu ya ukaguzi, nilikwenda hospitalini kumwuliza daktari wa meno mambo ambayo sikuyajua, na niliyoyapata huko ndiyo ninayowaletea.

Tuanze na ugaga wenyewe. Baada ya kula, juu ya meno hujengeka utando laini unaonata, ambao ni makazi ya vijidudu. Utando huo huondoka kwa mswaki. Ukiachwa, ndani ya siku chache chumvichumvi zilizomo katika mate huanza kuugandisha, hata ukawa mgumu kama saruji, rangi ya manjano au kahawia, na kwa mvutaji sigara hata mweusi. Hapo ndipo huitwa ugaga. Hujaa zaidi upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, na upande wa nje wa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo mate yanapotokea. Ugaga ukishashika hautoki kwa mswaki hata mtu apige mswaki mpaka mkono uume.

Hapa Dodoma tumezoea kuyalaumu maji. Tunaona birika zetu zimeota magamba meupe ndani kwa maji ya visima yenye chumvi, tukadhani na meno yameota vivyo hivyo. Daktari alinisahihisha: madini yanayojenga ugaga hutoka katika mate ya mtu mwenyewe, na anayekunywa maji laini ya mvua huota ugaga sawasawa na sisi. Kosa la maji ni jingine, na linahusu madoa ya kahawia ambayo huingia ndani ya jino tangu utotoni, pale ambapo maji yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na katika baadhi ya maeneo ya Singida, Shinyanga, Arusha na Kilimanjaro kumepimwa maji yanayozidi kiwango hicho. Madoa hayo si uchafu. Hayakwanguliki, na mtu asidanganywe kulipia kukwanguliwa madoa aliyokua nayo. Nimeambiwa kwamba baadhi ya waliokalia kiti cha yule karani walikuwa watu wa aina hiyo, nao walilipa mara mbili na mara tatu, wakingoja weupe usiokuja.

Ubaya wa ugaga hauko katika sura. Juu yake hukaa utando mpya, na vijidudu vyake huuudhi ufizi, ufizi ukavimba na kutoa damu. Ikiendelea kwa miaka, mfupa unaolishika jino huliwa kidogo kidogo, jino likaanza kucheza. Hapa mtaniwia radhi kwa kurudi katika hesabu: jambo hili linafanana sana na mikopo chechefu. Mwezi wa kwanza haionekani, mwaka wa kwanza inafunikwa na faida, na siku inapoonekana mtaji umekwisha liwa. Wapo wanaosema kwamba kukwanguliwa ndiko kunakolegeza meno. Sivyo. Mara nyingi jino lilikwisha legea, na lililokuwa limelishikilia ni ule ugaga wenyewe, kama ukuta mbovu unavyoshikiliwa na magunia yaliyoegemezwa.

Sasa mashine. Mashine hizi si kitu kipya, kwani tangu miaka ya 1950 madaktari wa meno walianza kuutumia mtikisiko wa kasi kuuondoa ugaga. Ncha hutikisika kati ya mara 18,000 na 45,000 hivi kwa sekunde moja, kwa mwendo mdogo sana usiofika sehemu ya kumi ya milimita, hata macho hayauoni. Zipo ambazo mtikisiko wake hutokana na sumaku, na nyingine hutokana na fuwele zinazojikunja na kujikunjua umeme unapopita. Ugaga hupasuka kwa mtikisiko huo, maji yanayotoka kwenye ncha yakausukumia nje.

Maji hayo ndiyo roho ya kazi. Ncha inayotikisika kwa kasi hiyo huzaa joto, na jino ni kitu hai: ndani yake mna mshipa wa damu na wa fahamu. Mashine ya kabatini haikuwa na maji kabisa. Karani alipoona mtu anaruka kitini, alidhani ni woga.

Daktari aliniruhusu kusimama nyuma yake akiwa kazini, kwa ridhaa ya mgonjwa. Nililolistaajabia ni wepesi wa mkono. Nilitazamia nguvu, kama ya mtu anayekwangua sufuria. Yeye aliishika kalamu ile kama anayeshika unyoya. Ubavu wa ncha, karibu kulala juu ya jino, ndio uliogusa. Ncha yenyewe haikuelekezwa kwenye jino hata mara moja, wala haikutulia mahali pamoja. Alinieleza kwamba anayekandamiza huuzima mtikisiko, kisha hulichimba jino. Akanionyesha pia kadi ndogo ya kupimia ncha: ikilika milimita 1 hupoteza kama robo ya uwezo wake, ikilika milimita 2 hupoteza nusu nzima na lazima itupwe. Nikaikumbuka ile ncha moja ya chama, ambayo hakuna aliyejua ilikuwa na urefu gani siku iliponunuliwa.

Yako mambo mengine ambayo mgonjwa hayaoni. Maji yanayoruka kutoka kinywani ni ukungu wenye mate na damu, na ukungu huo huelea hewani. Ndiyo maana daktari huvaa barakoa na miwani, na msaidizi hushika mpira wa kufyonza. Wakati wa UVIKO, mwaka 2020, kliniki nyingi duniani ziliiacha mashine kwa muda na kurudia vyuma vya mkono kwa sababu hiyo tu. Kabla ya kazi huulizwa kama mgonjwa ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kwa kuwa mashine za sumaku zaweza kukibughudhi kifaa cha namna ya zamani. Hata maji ya kuendeshea mashine huchaguliwa. Maji yetu haya yanayoota magamba kwenye birika huziba mirija yake myembamba, na mirija isiyosukumwa maji mara kwa mara hufuga vijidudu. Kwa hiyo maji huachwa yatiririke kwa nusu dakika hivi kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Kisha ncha na mpini huoshwa na kutiwa katika mashine ya mvuke wenye mgandamizo, nyuzi joto 134 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 121 kwa robo saa. Kitambaa na spiriti havitoshi. Ncha iliyogusa damu ya mtu mmoja na kwenda kwenye ufizi wa mwingine yaweza kuhamisha homa ya ini aina ya B, na yaweza kuhamisha virusi vya UKIMWI. Homa hiyo ya ini huambukiza kwa urahisi zaidi, na virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Nilipoyasikia haya niliacha kuandika. Niliwaza juu ya orodha ya mahudhurio ya mikutano ya chama kile, na nani aliketi baada ya nani.

Ndugu wajumbe, niseme na langu. Siku ile nilikuwa sijawahi kukalia kiti cha daktari wa meno tangu nizaliwe, ila mara moja nikiwa shuleni, jino liling'olewa. Nina umri wa miaka arobaini na kitu, na ninawakagua watu kila siku. Daktari aliponiuliza lini nilikaguliwa mara ya mwisho nilitoa jibu kama lile la meneja wangu. Nilikalishwa, nikakwanguliwa kwa muda wa dakika arobaini hivi. Hapakuwa na maumivu ya kusimulia, isipokuwa ubaridi mkali kwenye meno mawili na kelele kama ya mbu sikioni. Siku mbili tatu baadaye meno yalisisimka kwa maji baridi, na ulimi ukawa unapotea katika mianya ambayo zamani ilikuwa imezibwa. Damu niliyokuwa nikiitema kila asubuhi, nikidhani ni ugumu wa mswaki, ilikoma baada ya majuma mawili.

Sasa nawaleta kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii. Mmoja wa wanachama waliokalia kiti kile alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka miwili kabla yake alikuwa amekopa chamani, kwa kudhaminiwa na wenzake wawili, akaenda Dar es Salaam kupandikizwa meno mawili.

Pengine wengi hamjaliona jino la namna hii. Halifanani na meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Ni skrubu ya madini ya titani inayotiwa katika mfupa wa taya, ikaachwa kwa miezi kama 3 hadi 6 ishikane na mfupa, kisha juu yake likajengwa jino. Tabia ya titani kushikana na mfupa iligunduliwa Sweden na Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza mifupa ya sungura mwaka 1952 na kushindwa kukinasua chombo cha titani alichokiweka humo. Mwaka 1965 alimpandikizia meno mtu wa kwanza, Gösta Larsson, mkazi wa Gothenburg, na mtu huyo alifariki mwaka 2006 akiwa bado anayatumia. Ni kitu cha kudumu, basi, lakini ni ghali.

Yako mambo mawili ambayo mwalimu wetu hakuambiwa, au aliambiwa asiyashike. La kwanza, jino la kuzaliwa limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzinyuzi zenye hisia, nazo humpa mtu habari mapema. Pandikizi halina nyuzi hizo. Mfupa waweza kuliwa kulizunguka bila mwenyewe kusikia lolote, na ufizi wake ni mlango dhaifu kuliko ufizi wa jino. Dalili za mwanzo ni wekundu na damu kidogo wakati wa kupiga mswaki. Kuvimba kukiishia kwenye ufizi, hutibika na kurudi kuwa salama. Kukifika kwenye mfupa, kilicholiwa ni vigumu sana kukirudisha.

La pili, titani hukwaruzika. Ncha ya chuma ya kawaida ikipitishwa juu yake huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni kibanda cha vijidudu. Kwa hiyo daktari anapolisafisha pandikizi hubadilisha ncha, akaweka ya plastiki ngumu au nyingine iliyotengenezwa mahsusi, na kuipunguza nguvu mashine. Karani wetu alipita na ncha ile ile ya chuma, mara nne kwa miezi minne, na mwalimu hakuhisi kitu, akamsifu kwa mkono mwepesi.

Mwaka uliofuata ufizi ulitoa usaha. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeshuka pande zote za pandikizi moja, nalo likatolewa. Haki yataka niseme pia kwamba daktari hakumtupia karani lawama yote. Mwalimu alikuwa mvutaji wa sigara, sukari yake ilikuwa juu bila yeye kujua, na kwa miaka miwili hakurudi kukaguliwa hata mara moja kwa kuwa hakusikia maumivu. Sigara, kisukari kisichotibiwa na historia ya ugonjwa wa fizi ni maadui wakubwa wa kazi hii. Lakini ncha ile ilichangia, na iliingia kinywani mwake ofisini mwa chama chake, kwa mashine iliyonunuliwa kwa fedha zake na za wenzake.

Mwenye pandikizi, basi, apige mswaki laini mara mbili kwa siku, asipuuze mahali ufizi unapokutana na jino. Kati ya meno apitishe vijiswaki vidogo ambavyo waya wake umevikwa plastiki, au uzi wa meno. Dawa ya meno isiwe ya chengachenga, na mkaa au majivu yasifike hapo kabisa. Na arudi kwa daktari kila baada ya miezi 3 hadi 6, kadiri atakavyoambiwa, na picha ya kwanza ya eksirei itunzwe ili nyingine zilinganishwe nayo. Hiyo ndiyo mizania ya kufungulia. Asiye nayo atalinganisha na nini?

Kwa sisi tusio na mapandikizi, msihuzunike kwamba mswaki wa dukani umepanda bei. Mti wa mswaki unaota katika nchi yetu kavu hii, na Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 pale ambapo ni desturi. Shida ni kwamba wengi wetu huutafuna upande wa mbele tu, ambako watu wanaona.

Narudi kwenye kabati. Leseni ya chama cha akiba na mikopo hutolewa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na nimeisoma: haina kifungu cha kukwangua meno. Kutibu vinywa vya watu kunasimamiwa na sheria ya mwaka 2017 ya madaktari na madaktari wa meno, nayo yataka mtu awe amesomea na kusajiliwa. Mapendekezo yangu yalikuwa manne: mashine isitumike tena, fedha zilizokusanywa bila stakabadhi zirejeshwe, wote waliokalia kiti kile waambiwe waziwazi na wapelekwe kupimwa homa ya ini na UKIMWI kwa gharama ya mfuko wa jamii wa chama, na mfuko huo, ukitaka kujali meno, umlete daktari aliyesajiliwa na vifaa vyake.

Pendekezo la tatu lilipingwa sana. Wajumbe walisema litavunja heshima ya chama na wanachama watatoa akiba zao. Tulibishana hadi jua likazama. Walikubali baada ya mke wa mmoja wa wajumbe, ambaye naye ni mwanachama na alikuwa amekalia kiti kile, kusimama na kuuliza kama heshima ya chama ndiyo itakayomnyonyeshea mtoto wake. Kupimwa kumekwisha fanyika. Majibu ni siri ya kila mtu na hospitali, nami sikuyauliza.

Lililobaki ni deni la mwalimu. Amebakiwa na marejesho ya miezi kumi na moja kwa meno mawili, ambayo moja halipo tena, na wadhamini wake wameandika barua kuuliza kama chama hakipaswi kubeba sehemu ya hasara hiyo. Kwa maoni yangu kinapaswa, lakini maoni ya mkaguzi si azimio. Barua hiyo ni ajenda ya tisa ya mkutano mkuu wao ujao, na hoja yangu ya ukaguzi itakaa wazi mpaka hapo.

Maswali ya vitabu niulizeni mimi. Yale ya meno, daktari aliyenifundisha amekubali kuketi nasi hadi saa kumi, yuko pale chini ya mwarobaini, na amekuja na kioo chake.